Benchi la Mama Lishe, Ngamiani

Wageni wakitaka kuijua historia ya Tanga huonyeshwa majengo ya Wajerumani. Mimi huwapeleka Ngamiani saa saba mchana, kwenye benchi la mama lishe.

Chanzo cha benchi hilo ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliuleta kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Mwaka huohuo ikaanza kujengwa reli ya kwenda bara, na kufikia 1911 treni ilikuwa Moshi. Mashamba yakavuta manamba kutoka pembe zote, wengi wao wanaume walioacha wake nyumbani. Mji wa vibarua hauishi bila mtu wa kuwapikia.

Chakula chenyewe, hata hivyo, ni cha wenyeji, na hapo ndipo ninapoona fahari. Bada, yaani ugali wa muhogo, laini, unaovutika kidoleni. Papa mkavu kwa tui zito la nazi iliyokunwa kwa mbuzi. Pembeni mchunga, mchungu kwelikweli; asiyeuzoea hukunja uso, kisha huomba nyongeza.

Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, na bei ya mkonge nayo ilianguka kamba za plastiki zilipoenea. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ikawaweka wachuuzi wadogo, mama lishe wakiwemo, kwenye hatari ya kuitwa wazururaji. Kwangu huo ulikuwa uonevu: hawa walikuwa kazini tangu alfajiri.

Ukifika Tanga, pita Ngamiani kabla ya saa nane. Bada huwahi kwisha.