Pua inavyofanya kazi na namna ya kuisafisha bila kuiumiza

Kiangazi kikishika, kati ya Juni na Agosti, mkazi wa Lusahunga haulizi vumbi linatoka wapi. Malori ya Rusumo yanapita usiku na mchana, bodaboda zinakata barabara za udongo, watu wanachoma majani mashambani, na jioni kuni zinawaka jikoni. Ukipenga kamasi kabla ya kulala, kitambaa kinatoka na rangi ya udongo. Wapo wanaodhani ni ugonjwa. Hapana, hilo ni vumbi ambalo pua imelizuia lisifike kwenye mapafu.

Tuanzie mlangoni. Zile nywele unazoziona puani zinakamata vumbi la chembe kubwa, kwa hiyo kuzing'oa ni kuondoa chekecheo. Ndani zaidi, kila upande una mikunjo ya nyama laini yenye mishipa mingi ya damu. Hewa ya baridi ya alfajiri ikipita hapo inapashwa joto na kutiwa unyevu, hata ikifika kooni imekaribia joto la mwili. Anayepumua kwa mdomo hapati huduma hiyo, ndiyo maana anaamka koo limekauka.

Kuta zote za ndani zimefunikwa na kamasi. Mwili hutengeneza karibu lita moja kwa siku, nasi huimeza nyingi bila kujua. Chini ya kamasi kuna vinyweleo vidogo mno, havionekani kwa macho, vinavyopiga kasia muda wote na kuisukuma kamasi kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa. Ikifika tumboni, asidi inavimaliza. Moshi wa kuni na wa sigara hudhoofisha vinyweleo hivi, na ugoro nao huiwasha pua (wazee wetu watatusamehe).

Kama umewahi kuona tundu moja linapitisha hewa vizuri na jingine limebana, kisha baada ya saa kadhaa yanabadilishana, usihangaike. Pua hupokezana zamu hivyo kwa kawaida.

Kwa kuwa pua inajisafisha yenyewe, kazi yetu ni kuisaidia kidogo. Penga taratibu, tundu moja baada ya jingine. Kupenga kwa nguvu matundu yote mawili kunaweza kusukuma kamasi hadi kwenye sikio. Nawa mikono baadaye, maana mafua husafiri kwa mikono pia. Kidole chenye kucha ndefu tunakikataa kabisa: puani mwa watu wengi wenye afya njema wanaishi bakteria ambao hawana shida mpaka wapate mchubuko, na hapo hutokea jipu. Jipu la puani halikamuliwi. Mishipa ya eneo hilo huwasiliana na ya ndani ya kichwa, kwa hiyo nenda zahanati.

Kidole hicho hicho, pamoja na hewa kavu, ndicho huanzisha damu nyingi za puani. Wengi bado wanamwinamisha mgonjwa kichwa nyuma. Damu inaingia kooni na kumtapisha. Mkalishe, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia, apumue kwa mdomo. Ikipita dakika 20 bado inatoka, mpelekeni kituo cha afya.

Pua iliyoziba husaidiwa na maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe, changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita. Usitie maji ya kisima au ya mto yasiyochemshwa, kwani yanaweza kuingiza vijidudu vya hatari. Nyungu, ambayo wengi tulijifukiza mwaka 2020 wakati wa korona, inaweza kulegeza kamasi lakini haiui virusi, na sufuria ya maji ya moto haifai karibu na mtoto. Dawa za matone za kuzibua pua zinazouzwa dukani zisizidi siku tatu hadi tano, la sivyo pua inaziba zaidi.

Kwa mtoto mchanga jambo hili ni kubwa zaidi. Miezi ya mwanzo anategemea pua kupumua, na ikiziba anashindwa kunyonya. Mama, mdondoshee tone moja au mawili ya maji yale ya chumvi kila tundu kabla ya kunyonyesha, kisha futa kwa kitambaa safi na laini. Kamasi ya kijani peke yake haimaanishi anahitaji antibayotiki. Kinachopaswa kukuondoa nyumbani ni pumzi. Tazama saa ya simu yako, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: chini ya miezi 2, zikifika 60, miezi 2 hadi 11, zikifika 50, mwaka 1 hadi 5, zikifika 40, mpeleke kituo siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kifua kikibonyea anapovuta hewa, au akikataa kunyonya.

Kuna na lile la maharage. Yakianikwa uani, mtoto wa miaka miwili au mitatu hujaribu kama yanaingia puani, na hasemi. Baada ya siku kadhaa unaona usaha wenye harufu mbaya unatoka tundu moja tu. Usimtie maji, kwa sababu harage linavimba, wala usichokonoe kwa njiti, utalisukuma ndani. Kama anajua kupenga, bana tundu zima apenge mara moja au mbili. Likigoma, mhudumu wa afya atalitoa kwa vifaa vyake. Ila kama alichoingiza ni betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya midoli, msisubiri kukuche. Betri hiyo huanza kuunguza nyama ya pua ndani ya saa chache.