Tauni ya Lushoto na vipokezi vya seli za kinga

Kipokezi ni protini, mara nyingi iliyo juu ya utando wa seli, inayonasa kitu mahususi na kuijulisha seli kwamba kitu hicho kimefika. Seli za kinga hutambua vijidudu kwa vipokezi. Vijidudu vingine navyo huvifanya vipokezi hivyohivyo kuwa mlango. Virusi vya UKIMWI hushika kwanza kipokezi cha CD4, kisha mara nyingi CCR5.

Katika Milima ya Usambara nchini Tanzania mlango wa aina hiyo ulitumiwa na bakteria wa tauni, si virusi. Wilaya ya Lushoto, iliyo katika milima hiyo, ilipata mlipuko wa kwanza wa tauni mwaka 1980, na ugonjwa ukarudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 20, ukiwapata zaidi wanawake na watoto. Shume na Manolo ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Mahindi yakiwekwa darini, panya huyafuata; panya huja na viroboto, na chini ya dari hiyo mtoto amelala sakafuni juu ya mkeka.

Kiroboto akimuuma mtoto huyo mguuni, bakteria wa tauni, Yersinia pestis, husafiri hadi tezi za kinena. Tezi huvimba na kuuma hata mtoto akashindwa kunyoosha mguu: huo ndio mtoki. Ndani yake seli nyeupe za damu zimekuja kupigana. Kwenye utando wake seli hizo zina kipokezi cha FPR1, ambacho kazi yake ni kunasa vipande vya protini vinavyodondoshwa na bakteria, ili seli ijue adui yuko upande gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa bakteria wa tauni hujishikiza hapo hapo, kwa protini iliyo kwenye ncha ya sindano yake ndogo, kisha huidunga seli sumu. Seli hupoteza uwezo wa kummeza adui, hatimaye hufa. Kinga hupigwa kupitia kiungo chake cha kunusia, na hilo ni miongoni mwa mambo yanayoifanya tauni iue upesi.

Antibiotiki kama streptomaisini na doksisaiklini huponya zikiwahi. Panya aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu, na mwenye homa ya ghafla pamoja na mtoki afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.