Mafundi wa Simu ya Upepo

Ukitaja Vita vya Kagera mbele ya vijana wenzangu utasikia habari za vifaru, makombora na daraja la Kyaka lililovunjwa. Sawa, hayo yalikuwepo. Lakini kuna watu ambao hawatajwi kabisa, nao ni mafundi wa simu ya upepo, yaani redio za jeshi. Hapa Litapunga tunaye mmoja. Mwenyewe kasema jina lake lisiandikwe, kwa hiyo siye tutamwita Mzee.

Tuanze na historia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu na kuteka eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Jeshi letu, ambalo lilikuwa na askari wasiofika 40,000, likapanuliwa hadi kupita 100,000 pamoja na wanamgambo. Mpanda wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja kuanzishwa 2012. Mzee, mwanamgambo wa miaka ishirini na kitu, akapanda treni Mpanda, akapita Tabora hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba.

Kazi ile aliipataje? Kabla ya vita alikuwa akitengeneza redio za watu kijijini. “Walipouliza nani anajua redio, nikanyoosha kidole,” anasema. Wakampa bisibisi na bwana mkubwa wa kumfundisha, basi.

Usidhani ni kazi ya kukaa kivulini. Machi na Aprili ni masika kule, na maji ni adui wa redio. Yanaingia kwenye kipaza sauti, yanatia kutu kwenye miguu ya betri, na askari anasikia mvumo tu. Mzee anasema walikuwa wanafungua, wanafuta, wanakausha, wanafunga, usiku kucha. Pasi ya kulehemu waliichoma kwenye makaa, tena mchana tu, maana moto wa usiku unamwonyesha adui ulipo. Betri zikichoka walizianika juani, kama mama zetu walivyofanya ili wapate taarifa ya habari ya Redio Tanzania jioni.

“Redio ikifa,” kaniambia, “kikosi kinakuwa kiziwi na bubu. Na kiziwi vitani, mjukuu wangu, anapigwa hata na wenzake.”

Maneno hayo utayaelewa ukisoma habari za Lukaya. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa wanamgambo, iliingia katika mji huo mdogo ulio kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, kando ya kinamasi. Majeshi ya Libya na Uganda yakawashambulia kwa vifaru vya T-55 na makombora ya Katyusha, brigedi ikatawanyika. Brigedi ya 208 ilikuwa mbali, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi. Ikaamriwa igeuke upesi. Alfajiri ya tarehe 11 ikatokea kwenye barabara ya Kampala, ubavuni mwa adui, huku 201 iliyojipanga upya ikipiga kutoka mbele. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka.

Sasa hebu jiulize: bila simu ya upepo, brigedi iliyo kilomita 60 porini ingegeuzwa vipi kwa usiku mmoja? Tarishi wa miguu angefika mambo yamekwisha.

Nilimwuliza Mzee kama alikuwepo. Akacheka. “Mimi Lukaya sikuiona. Niliziona redio zake.” Ati ziliwafikia nyuma zikiwa na matope hadi ndani, nyingine imetobolewa na risasi, nyingine mkanda wake una damu. Kuhusu hiyo ya damu hakuuliza. Aliifuta, akaitengeneza, ikarudi mbele.

Vita vilipokwisha mwaka 1979 nchi ilikuwa hoi, tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Mzee alirudi na ufundi mkononi lakini vipuri hakuna. Alibomoa redio mbovu mbili kupata moja nzima. Daftari alilochorea nyaya za mitambo ya vita limeliwa na mchwa, na sikio lake la kushoto halisikii vizuri.

Vijana wenzangu, tunawaomba wazee hadithi za sungura na fisi, nazo ni tamu. Tuwaombe na hizi. Kila kijiji kina mtu aliyepika, aliyebeba maji, aliyeendesha lori au aliyefunga nyaya vitani. Vitabu vikubwa vimeandika makamanda, wala si vibaya. Hawa wengine ni juu yetu, na tusichelewe, kwani mchwa hawangoji.