Ugonjwa Uliokosa Jina

Kiswahili kina neno degedege. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu, mwili unatetemeka, na wazee wa Pwani wanasema amepitiwa na dege, yule ndege wa kishetani anayewaandama watoto. Siku hizi tunalitumia tu kumaanisha kifafa cha homa, na wengi hatumwoni tena ndege aliyejificha humo. Lakini zamani neno hilo lilikuwa utambuzi kamili wa ugonjwa. Lilisema nini kimempata mtoto, kimetoka wapi, na nani aitwe. Hiyo ndiyo kazi ya jina la ugonjwa, iwe limetoka kwa nyanya yako Malindi ama kwa profesa wa Oxford: linaamua mlango upi utabishwa kwanza.

Sasa ebu mfikirie mtoto wa miaka saba. Wiki mbili zilizopita alikuwa anacheza kati na wenzake. Kwanza usingizi unapotea. Halafu zinakuja hasira zisizo na kichwa wala mkia: anauma, anapiga nduru, anamwogopa babake. Kisha kifafa. Mdomo unatafuna hewa, mikono inajizungusha yenyewe, maneno yanapungua kila siku hadi anakuwa kimya kabisa. Mamake anasema, huyu si mtoto wangu.

Mlango upi? Wengine watasema ni mapepo, aitwe pasta. Wengine watasema ni utundu, achapwe. Wengine watasema ni wazimu. Na kabla hujawacheka, jua kwamba hadi mwaka wa 2007 hata hospitali kubwa kabisa duniani hazikuwa na jina la kumpa huyu mtoto.

Majina ya kukisia yalikuwepo. Mwaka wa 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, daktari Constantin von Economo wa Vienna aliandika kuhusu wagonjwa waliozama kwenye usingizi wa ajabu. Aliuita ugonjwa huo ensefalitisi letajika, yaani kuvimba kwa ubongo kunakoleta usingizi. Mlipuko huo ulienea nchi nyingi, halafu ukafifia kufikia mwisho wa miaka ya 1920. Baadhi ya watoto walionusurika walibadilika tabia kiasi cha kuwekwa kwenye taasisi. Chanzo hakijathibitishwa hadi leo.

Ugonjwa ukaenda, jina likabaki kama nyumba isiyo na mwenyewe. Miongo iliyofuata, mtoto akija na usingizi uliovurugika na viungo vinavyocheza vyenyewe, na vipimo vya virusi visionyeshe kitu, madaktari wengine walimpangisha humo. Mwaka wa 1992 madaktari wa Ufaransa waliandika kuhusu watoto waliopoteza fahamu huku miili yao ikirukaruka vibaya. Kwenye kichwa cha makala yao waliweka wazi kwamba chanzo hakijulikani. Angalau hao walikuwa wakweli.

Jibu lilianzia kwa wanawake, si kwa watoto. Mwaka wa 2005, Josep Dalmau na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Philadelphia waliripoti kuhusu wanawake wanne vijana: fikira zimevurugika, kifafa, pumzi inayokatika. Wote walikuwa na teratoma, aina ya uvimbe ambao unaweza kuota nywele, meno, hata nyama ya ubongo. Watafiti walichukua maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wakayaweka juu ya vipande vya ubongo wa panya. Kingamwili za wagonjwa zikanata, hasa sehemu ya hipokampasi, panapotunzwa kumbukumbu. Mwaka wa 2007, wakiwa na wagonjwa 12, walitaja shabaha yenyewe: vipokezi vya NMDA.

Yaani askari wa mwili walikuwa wamemgeukia mwenye nyumba. Kingamwili hizo zinashika vipokezi juu ya seli za ubongo na kuzifanya seli zivimeze ndani. Ukitaka kujua vipokezi hivyo vikizimwa mtu huwa vipi, angalia ketamini, dawa inayotumika kulaza wagonjwa wa upasuaji. Nayo huvizuia vipokezi hivyo hivyo, na ndiyo maana inaweza kumletea mtu maruweruwe. Habari njema ni kwamba seli zenyewe mara nyingi hazifi. Kingamwili zikipungua, vipokezi hurudi.

Mwaka wa 2009 watoto wakaonekana. Kundi la Dalmau lilihesabu wagonjwa 81 na kukuta 32 kati yao wana miaka 18 ama chini. Hapo ndipo kanuni za watu wazima zilipoanza kuyumba. Uvimbe ulipatikana kwa asilimia 56 ya wanawake wakubwa, lakini kwa wasichana wa miaka 14 kushuka chini ni asilimia 9 tu. Daktari aliyekuwa akitafuta teratoma kwanza angemwambia mzazi hakuna kitu.

Mwaka huo huo, Russell Dale wa Sydney pamoja na wenzake, akiwemo Angela Vincent wa Oxford, walipima sampuli za watoto 20 waliowahi kuambiwa wana ile ensefalitisi ya von Economo. Kumi walikuwa na kingamwili za NMDA. Nusu ya wapangaji wa ile nyumba, kumbe, walikuwa na kwao. Tena kwao kulikuwa na tiba.

Mwaka wa 2012, mradi wa California uliokuwa ukichunguza vyanzo vya ensefalitisi uliripoti jambo lililowashtua wengi. Kwa watu wa miaka 30 na chini, ugonjwa huu ulikuwa umewapata wengi kuliko kirusi chochote kimoja walichopima. Hauonekani kirahisi, ndiyo shida. Picha ya MRI mara nyingi hutoka safi. Damu nayo hudanganya: ukipima damu peke yake utamkosa takriban mgonjwa mmoja kati ya saba ambaye maji ya uti wa mgongo yangemfichua.

Ndiyo maana mwaka wa 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kuhusu njia isiyongoja kipimo hicho. Wanaangalia dalili za makundi sita: tabia, usemi, kifafa, viungo vinavyojiendesha, fahamu inayopungua, na mapigo ya moyo ama pumzi kuvurugika. Zikija nne ndani ya miezi mitatu, na umeme wa ubongo ama maji ya mgongo yana kasoro, na magonjwa mengine yameondolewa kwenye orodha, basi unaweza kuanza matibabu. Mwaka wa 2020 ikatoka njia ya watoto peke yao, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kukuambia anasikia sauti. Atapiga teke tu.

Haraka hiyo ina hesabu yake. Katika utafiti wa mwaka wa 2013, kati ya wagonjwa 501 waliofuatiliwa, 394 walifika hali nzuri ndani ya miaka miwili, na 30 walikufa. Waliotibiwa mapema walikuwa na nafasi bora.

Lakini jina jipya nalo linaweza kugeuka dege. Kule Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall aliwakuta miaka ya 1960 watoto wanaoinamisha kichwa tena na tena. Wenyeji walisema mtoto amesinzia kichwa. Ugonjwa kama huo uliwaumiza watoto wengi kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Mwaka wa 2017 watafiti walitangaza kwamba huenda ni kinga ya mwili, ikipigana na mnyoo wa upofu wa mtoni, inayogonga ubongo kwa makosa. Ilipendeza, ila tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Kupata kingamwili ndani ya mtoto mgonjwa si sawa na kupata kinachomuumiza.

Kwa hivyo turudi kwa yule wa miaka saba, tuseme yuko wadi ya hospitali ya kaunti. Kipimo cha kingamwili hakipatikani kila mahali, na madaktari wa neva ni wachache. Lakini hospitali zetu zimetoa maji ya uti wa mgongo miaka mingi zikitafuta meninjaitisi, na steroidi, ambazo ni sehemu ya tiba ya kwanza, si dawa za kigeni hapa. Kinachoweza kukosekana ni mtu wa kuuliza. Na swali la kwanza kati ya yale sita, lile la tabia, halihitaji mashine. Mamake alishalijibu pale mlangoni, aliposema huyu si mtoto wangu. Inategemea kama kuna aliyeandika hayo maneno kwenye faili.