Chungu cha Chang'aa na Mnara wa Changamwe

Mtambo mkubwa kabisa wa kukeneka uliowahi kusimama Kenya ulikuwa Changamwe, Mombasa, na ulikuwa na leseni. Kampuni ya kusafisha mafuta iliundwa mwaka 1960, na kiwanda kikaanza kazi 1963. Mafuta ghafi kutoka Ghuba yalichemshwa, mvuke ukapanda mnarani, na kila aina ikarudi kuwa maji mahali pake: petroli juu, mafuta ya taa chini yake, kisha dizeli. Kazi hiyo ilikoma mwaka 2013, na kilichobaki ni matangi ya kuhifadhia.

Anayepika chang'aa nyuma ya nyumba huko Kisauni au Likoni anafuata kanuni ile ile, ila yeye hukesha akisikiliza hatua za askari. Kwanza pombe huchachushwa, ya sukari guru au nafaka, kisha hutiwa chunguni au pipani na kubandikwa motoni. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia una alkoholi nyingi kuliko pombe inayobaki. Ndani ya chungu hutegwa sufuria ndogo. Mdomoni hukalishwa beseni la maji baridi, na kingo huzibwa kwa udongo au unga uliokandwa. Mvuke ukigusa kitako cha beseni hupoa, ukadondoka kwenye ile sufuria. Maji ya beseni yakipata moto hubadilishwa. Kwingine mvuke hupitishwa kwenye bomba lililozamishwa majini. Basi, hakuna siri zaidi ya hiyo.

Ujuzi huu haukuanzia kwenye ulevi. Huko Iraki, katika karne ya 9, al-Kindi aliandika kitabu kizima juu ya manukato na namna ya kuyakeneka. Oman, kwenye milima ya Jebel Akhdar, mawaridi yangali yanachemshwa hivyo hivyo. Anayenyunyiziwa marashi kwenye maulidi hapa Mombasa anafaidi kazi ya binamu wa chungu cha chang'aa, ingawa sidhani angependa kuambiwa hivyo msikitini.

Pwani, kwa upande wa kulewa, haikuwa na haja ya moto. Mgema hukwea na kotama yake, akakata panda, na tembo hujichachia lenyewe: tamu likiteremshwa, kali baada ya saa chache, siku ya pili linaelekea kuwa siki. Ndiyo maana mangwe, yaani vilabu vya tembo, huishi kwa mnazi wa siku hiyo hiyo. Chang'aa haichachi wala haiozi. Hufichika kwenye kibuyu na kusafiri mbali. Nadhani hilo ndilo lililoiudhi serikali kuliko ukali wake: pombe isiyoharibika ni ngumu kuitoza kodi.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umeyataka madola ya kikoloni yazuie pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Hata hivyo, Kibera, wanawake wa Kinubi walijulikana kwa pombe yao ya kukeneka enzi za Mwingereza. Mwaka 1980, chini ya Rais Moi, Bunge lilipitisha sheria mahususi ya kupiga marufuku chang'aa. Biashara ikazidi kujificha, na gizani ndimo ilimoharibikia. Mgema wa methali hutia maji. Wapishi hawa wapya walitia methanoli ya viwandani. Novemba 2000, mtaani Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka. Chungu kililaumiwa, ilhali sukari na nafaka zikichacha hutoa methanoli kidogo mno. Sumu ya kuua umati hutoka kwenye mtungi wa kemikali.

Sheria ya 2010, iliyopewa jina la mbunge John Mututho, ilifuta marufuku hiyo. Chang'aa ikaruhusiwa, mradi ipikwe kwa leseni, ifikie viwango na iuzwe kwenye chupa za kioo zisizopungua mililita 250. Kwa mama anayeuza kwa glasi moja moja uani Likoni, masharti hayo ni marufuku ile ile iliyobadilishwa kanzu.