Kinanda na Ngoma Katika Nyumba ya Mungu

Katika yubilei hii ya Kanyaruchinya, chini ya mlima Nyiragongo, yafaa kukumbuka pia historia ya vyombo vya muziki. Kwa nini zamani kinanda kiliruhusiwa kanisani, na ngoma ikabaki nje? Jibu linaanzia mbali, katika michezo ya Ulaya.

Tarehe 21 Oktoba 1858, mjini Paris, Jacques Offenbach alionyesha opereti yake Orphée aux enfers, mchezo wa kuimbwa wenye kuchekesha. Utangulizi wake unaojulikana sana hakuupanga yeye; Carl Binder aliuunganisha kwa nyimbo za mchezo huo, kwa ajili ya maonyesho ya Vienna mwaka 1860. Nyakati hizo wapiga kinanda walipenda kuhamishia muziki wa namna hiyo kwenye kinanda cha mabomba.

Kazi hiyo si nyepesi. Muziki wa kundi zima hushikwa na mtu mmoja, mwenye mikono miwili na miguu miwili. Mkono wa kulia hubeba wimbo, wa kushoto hujaza sauti za kati, miguu hupiga besi. Pale klarineti inapoimba peke yake, yeye huchagua safu ya mabomba yenye sauti inayoikaribia. Mtetemo wa fidla hugeuzwa kuwa noti chache zinazopokezana. Tena, sauti ya kinanda haififii maadamu kidole kimebonyeza. Hivyo mapigo makali hukatwa mapema, yasifunike yanayofuata.

Huko Italia mtindo wa opera uliingia hata katika Misa. Padre Davide da Bergamo, aliyefariki mwaka 1863, aliitungia Misa vipande vya kinanda vyenye mwendo huo. Ndipo tarehe 22 Novemba 1903 Baba Mtakatifu Pio X alipokataza mtindo wa michezo kanisani. Kinanda cha mabomba alikiruhusu. Piano, ngoma na matoazi alivikataza. Amri iliyokusudia kelele za Ulaya ikafika Kongo, ikaangukia ngoma za mababu, ambazo wamisionari wengi walikuwa tayari wakiziogopa kwa sababu ya mila za kale.

Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen na kwaya yake, Les Troubadours du Roi Baudouin, waliimba Missa Luba: maneno ya Kilatini, nyimbo na ngoma za Kongo. Hapa njia iligeuka. Mpiga kinanda wa Ulaya alianza na karatasi. Waimbaji wa Kamina walianza na sauti na kumbukumbu, karatasi ikafuata. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikisifu kinanda cha mabomba, ukaruhusu pia vyombo vingine vinavyofaa ibada, na kuagiza muziki wa mataifa uheshimiwe. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire.

Tarehe 17 Januari 2002 lava iliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu mjini Goma. Vyombo huungua, kumbe wimbo ulioandikwa na kushikwa na wengi hubaki. Basi wanakwaya wetu waziandike nyimbo za wazee, pamoja na mapigo ya ngoma zake, wangali wapo wa kuzifundisha.