Wafungashaji wa Python waliosahaulika

Oktoba 2, 2023, Python 3.12 ilitoka bila distutils, zana ya kufungasha maktaba iliyokuwa ndani ya lugha hiyo tangu mwaka 2000. Tangazo la kuiondoa lilitolewa mapema, na zana nyingine, setuptools, ilishachukua nakala yake. Miradi kadhaa ya zamani iligoma, ikatengenezwa, watu wakaendelea na kazi. Distutils ilistahili kuagwa vizuri zaidi, kwani ndiyo iliyobeba kwanza swali ambalo bado linawatesa wanaprogramu: maktaba iliyoandikwa kwenye kompyuta moja itafikaje kwenye nyingine yenye mfumo endeshi tofauti, na ikifika ifanye kazi?

Greg Ward ndiye aliyeongoza ujenzi wake. Mwaka 2003 Richard Jones alianzisha PyPI, ghala la vifurushi. Mwaka uliofuata Phillip Eby alileta setuptools pamoja na easy_install, iliyojua kusakinisha lakini haikujua kuondoa, na 2008 Ian Bicking akatoa pip, iliyochukua nafasi yake. Hayo yanafahamika. Kinachosimuliwa kwa nadra ni taabu ya wanasayansi.

Maktaba nyingi za Python ni msimbo wa Python mtupu: ukinakili faili, kazi imekwisha. NumPy na SciPy, maktaba za hesabu za kisayansi, haziko hivyo. Ndani ya NumPy mna C, na SciPy inaongeza Fortran, lugha ambazo sharti zigeuzwe kuwa maagizo ya mashine kwa kila mfumo endeshi na kila aina ya prosesa. Mtumiaji wa Linux huipata kompaila, programu ya kugeuza huko, kwa amri moja. Windows haiji nayo. Aliyetaka SciPy kwenye Windows alikuwa amepewa mahindi aende akasage, na kinu hana. Hata aliyekuwa na kompaila ya Microsoft ilimlazimu awe na toleo lililoijenga Python yake. Kwa Python 2.7 lilikuwa Visual Studio 2008, miaka mingi baada ya Microsoft kusonga mbele na matoleo mengine. Waliopitia enzi hizo wanalikumbuka jina vcvarsall.bat, faili ambayo distutils iliitafuta, ikaikosa, na usakinishaji ukakatika hapo hapo.

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na mtu mmoja. Christoph Gohlke, wa maabara ya utafiti wa nuru katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, alikuwa akizigeuza maktaba hizo mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa kila toleo la Python, kisha kuziweka kwenye ukurasa wa maabara yake zichukuliwe bure. Haikuwa kazi aliyoagizwa na wenye lugha, na ukurasa wenyewe ulieleza wazi kwamba faili hizo si rasmi. Walimu duniani kote waliwaelekeza wanafunzi huko. Kwa anayelipia bando, kupata faili iliyo tayari badala ya kupakua na kushindwa mara tatu ni pesa inayobaki mfukoni.

Wakubwa walikuwa wapi? Machi 2012 wanasayansi walikutana katika makao makuu ya Google, Mountain View, kwenye warsha ya kwanza ya PyData, na Guido van Rossum, muasisi wa Python, alikuwepo. Jake VanderPlas, aliyeandika baadaye juu ya siku hiyo, anaeleza kwamba walimuuliza kuhusu ufungashaji, naye akawajibu kuwa mahitaji yao ni ya pekee mno, bora wajijengee suluhisho lao. Travis Oliphant, aliyeunda NumPy, na wenzake wakafanya hivyo. Mwaka huo huo kampuni yao ya Austin, Texas, ilitoa conda, inayofungasha Python yenyewe pamoja na maktaba za C na Fortran zilizokwisha kugeuzwa, kwa Windows, Linux na Mac.

Jibu lile lilikuwa na ukweli wake, lakini gharama yake imelipwa na watumiaji. Hadi leo anayeanza hukuta njia mbili, pip na conda, na akizichanganya ovyo kwenye mazingira yale yale anaweza kuyaharibu. Lugha inayojivunia kupendwa na wanasayansi haikupaswa kuwaacha wajitafutie mlango.

Upande rasmi nao uliamka. Muundo wa wheel, kifurushi kinachoweza kubeba msimbo uliokwisha kugeuzwa, uliobuniwa na Daniel Holth, uliidhinishwa 2013. Mwaka 2016 yakaja makubaliano ya manylinux, yaliyowezesha faili moja kutumika kwenye Linux za aina nyingi. Oktoba 2017, SciPy 1.0 ilikuwa na wheel za Windows kwenye PyPI kwa mara ya kwanza, miaka 16 tangu mradi huo uanze. Sasa kuna zana mpya kama uv, zenye kasi kubwa.

Gohlke? Mwaka 2022 fedha za maabara yake zilikatika, na huduma ile ya ukurasa wa chuo ikasitishwa. Python imo ndani ya benki, hospitali na makampuni yenye thamani ya matrilioni ya dola, na bado huduma ile ilisimama kwa kukosa fedha.